Kugeuza Baiskeli ya Bei Nafuu ya Matairi Mapana Kuwa ya Umeme: Mwongozo Kamili

Wanaokwama katika kazi hii hukwama mahali pale pale. Gurudumu la mota limefika na haliingii kwenye fremu. Ekseli imejizungusha ikakata waya zake. Betri iliyoandikwa ampea-saa 20 inakata roho kabla ya kilomita 15. Au baiskeli inakimbia vizuri lakini haisimami. Yote hayo yanazuilika, na mawili ya kwanza yanazuilika kwa rula na kipande cha chuma bapa.

Mwongozo huu ni wa baiskeli yenye matairi ya inchi 26 kwa 4, breki za diski zinazovutwa na waya, na gia saba nyuma. Ndiyo aina ya matairi mapana inayopatikana kwa bei ya chini, iwe mpya au ya mtumba. Mota tutakayofunga ni ya kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, volti 48, wati 750. Soma hatua zote hadi mwisho kabla hujatoa hela mfukoni.

## Vitu vinavyohitajika

- Baiskeli yenye fremu nzima, isiyo na ufa wala sehemu iliyochomelewa.
- Seti ya mota ya nyuma: gurudumu lenye mota, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota), skrini, eksileta ya kidole gumba, mikono ya breki yenye swichi ya kukata mota, na kihisi cha pedeli (kinachoiambia mota kwamba unapiga pedeli).
- Betri ya lithiamu ya volti 48, ampea-saa 15 au zaidi, na chaja yake yenyewe.
- Vyuma viwili vya kuzuia ekseli isizunguke, au chuma bapa cha milimita 6 ukichongeshe.
- Fyuzi ya ampea 30 na kishikio chake.
- Friwili (fungu la gia za nyuma) mpya ya gia saba, cheni mpya, pedi mpya za breki mbele na nyuma, waya mpya za breki.
- Multimita, vernia au rula ya chuma, spana za saizi ya nati za ekseli, funguo za pembe sita, tupa, ufunguo wa kufungulia friwili, kifaa cha kuvutia krenki (mkono unaobeba pedeli).
- Grisi, gundi ya nati, klipu za hosi za chuma kisichoshika kutu, na vibana waya vya plastiki.

Ufunguo wa friwili na kivuta krenki si lazima ununue. Fundi baiskeli yeyote mwenye kijiwe cha maana anavyo, na kazi yake kwa vyote viwili haimalizi nusu saa. Vyuma vya kuzuia ekseli watakuchongea mafundi chuma wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, mradi uende na ekseli yenyewe mkononi. Usiende na kipimo cha kukariri.

## Hatua ya 1: Pima fremu kabla ya kuagiza chochote

Toa gurudumu la nyuma. Pima nafasi kati ya midomo miwili ya fremu inayopokea ekseli, ndani kwa ndani. Baiskeli ya kawaida ina milimita 135. Ya matairi mapana huwa na 170, 175, 190 au 197. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wanaagiza seti iliyoandikwa "inchi 26" wakidhani inchi ndiyo kipimo cha kutosha, kisha wanaletewa habu ya 135 inayoelea ndani ya fremu ya 190.

Pima pia upana wa mdomo wenyewe. Ekseli ya mota huwa na unene wa milimita 12 au 14, lakini pande mbili zimechongwa bapa hadi milimita 10, na ubapa huo ndio unaoingia kwenye mdomo. Ukikuta milimita 9.5 kwa sababu ya rangi, futa rangi kwa tupa. Usichonge chuma cha fremu. Kama fremu yako haina mdomo wazi bali ina tundu la mviringo linalopitisha ekseli ndefu ya milimita 12, mota hii haitakaa. Tafuta baiskeli nyingine, au fikiria mota ya katikati, inayoelezwa katika hatua ya 2.

Kipimo cha tatu ni upana wa rimu. Tairi la inchi 4 linataka rimu pana, milimita 65 na kuendelea. Seti nyingi za bei rahisi huja na rimu nyembamba ya baiskeli ya milimani. Tairi pana juu ya rimu hiyo huyumba kwenye kona na linaweza kuchomoka. Mwombe muuzaji akuandikie upana wa rimu kwa milimita, na asipojua, usinunue kwake.

Fremu ya chuma inaweza kutanuliwa milimita mbili tatu kwa mkono wakati wa kuingiza gurudumu. Ya alumini usiitanue hata kidogo, kwa kuwa alumini haipindi ikarudi. Inapata ufa usiouona.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na namba tatu kwenye karatasi: upana wa fremu, upana wa mdomo, upana wa rimu. Namba hizo ndizo unazompa muuzaji.

## Hatua ya 2: Chagua mota, kisha ichunguze betri kwa macho makali

Mota za habu ni za aina mbili. Moja haina gia ndani: ni nzito, kimya, haichakai upesi, lakini ukiipeleka polepole kwenye mchanga au mlima inapata joto kali bila kutoa nguvu ya maana. Nyingine ina gia ndogo za ndani. Hiyo inavuta vizuri kwa kasi ndogo, na mota ikizimwa gurudumu linazunguka bila kukuzuia. Kwa matairi mapana chagua yenye gia. Bafang wanatengeneza ya wati 750 mahsusi kwa fremu za aina hii, na zipo nyingine za mtindo huo.

Mota ya katikati, inayofungwa penye krenki, ina nguvu zaidi mlimani kwa sababu inatumia gia za baiskeli yenyewe. Nguvu hiyo yote hupita kwenye cheni, na cheni na friwili za baiskeli ya bei nafuu hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Anza na habu.

Usifunge mota kwenye foku ya mbele ya alumini. Midomo ya foku ni myembamba, na ikikatika uko kasini, unaanguka kwa uso.

Sasa betri. Hapa ndipo pesa nyingi huenda, na ndipo uongo ulipojaa.

Uwezo wa betri ni volti mara ampea-saa. Betri ya 48 kwa 15 ina wati-saa 720. Matairi mapana kwenye lami, ukisaidia kidogo kwa pedeli, hula kama wati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita. Kwa hiyo tarajia kilomita 36 hadi 48. Kwenye mchanga laini hesabu nusu ya hapo.

Ipime kwenye mizani. Seli ya kawaida ya mviringo, ile ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ina uzito wa gramu 45 hadi 50 na hubeba ampea-saa 3 hivi. Volti 48 zinahitaji seli 13 kwa mfuatano, na ampea-saa 15 zinahitaji mistari mitano ya aina hiyo: seli 65, yaani kilo tatu kabla ya kasha. Seli kubwa za kisasa hupunguza uzito kidogo. Hata hivyo, betri iliyoandikwa 48V 20Ah yenye kilo mbili pamoja na kasha haiwezi kuwa kile kilichoandikwa. Mizani haidanganywi na stika.

Soma pia uwezo wa bodi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, ile mafundi wanayoiita BMS. Kontrola ya ampea 25 inataka bodi ya ampea 30 mfululizo. Bodi ikiwa ndogo, betri itajizima katikati ya mlima kila unapovuta eksileta.

Kuhusu usafiri: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria. Muuzaji anayekuahidi kukutumia kwa kificho, akaiandika "spea za baiskeli", anahatarisha maisha ya watu. Agiza kwa meli, au nunua kwa mtu mwenye mzigo nchini. Betri za kuungwa kutoka seli za laptop zilizochoka ziache kabisa. Seli zisizolingana ndizo zinazowaka moto ndani ya nyumba.

## Hatua ya 3: Breki kwanza, mota baadaye

Watu huacha breki hadi mwisho. Zitangulize. Ukiongeza mota na betri, baiskeli inaongezeka kilo 8 hadi 10. Na kasi ikipanda kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, umbali wa kusimama haupandi mara mbili bali mara nne.

1. Badilisha waya za breki na makasha yake. Waya zinazokuja na baiskeli rahisi hujikunja ndani na kula nguvu ya mkono wako.
2. Weka pedi mpya. Safisha diski kwa spiriti na kitambaa kisafi, na usiiguse tena kwa vidole vyenye grisi.
3. Ukiweza, weka diski ya milimita 180 mbele badala ya 160, pamoja na kipande cha kuinulia kalipa, yaani kile kinachobana diski. Mbele ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha.
4. Zoesha pedi: endesha hadi kilomita 20 kwa saa, kamata breki hadi karibu kusimama, achia, rudia mara 20 hivi. Usifunge tairi likaburuzika.

Dalili ya mafanikio: simama pembeni, kamata breki ya mbele, isukume baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linainuka na la mbele halisogei. Kama la mbele linazunguka, rudi namba ya kwanza.

## Hatua ya 4: Andaa gurudumu la mota

Gonga spoku mbili mbili kwa kidole uzisikilize. Zinazotoa sauti ya chini kuliko wenzake zimelegea, zikaze robo mzunguko. Magurudumu ya seti hufungwa haraka kiwandani, na spoku iliyolegea hukatika, kisha huchukua na jirani zake.

Paka grisi kwenye hesi ya habu, fungia friwili mpya kwa mkono. Huna haja ya kuikaza kwa nguvu, pedeli zitaikaza. Hamisha diski kutoka gurudumu la zamani, bolti sita, kila moja na tone la gundi ya nati, ukikaza kwa kuvukana kama unavyokaza nati za tairi la gari.

Vaa tyubu na tairi. Hakikisha mshale wa mzunguko kwenye tairi unaelekea mbele, na utandaze ukanda wa mpira ndani ya rimu usiache kichwa cha spoku wazi.

## Hatua ya 5: Funga gurudumu na uizuie ekseli

Ukiwa na muda mfupi, utumie hapa.

Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli nayo inasukumwa kurudi nyuma kwa nguvu ile ile. Chukulia mota inayotoa nyutoni-mita 80 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kiwango cha kawaida kwa wati 750 yenye gia. Ubapa wa ekseli una urefu usiozidi sentimita moja wa kushikia ndani ya mdomo wa fremu. Gawanya, na utapata mdomo unasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 800. Alumini ya bei nafuu haivumilii hilo. Mdomo unatanuka kidogo kidogo, siku moja ekseli inageuka, inazungushia waya zake yenyewe na kuzikata, na gurudumu linaweza kuchomoka.

Chuma cha kuzuia chenye urefu wa sentimita 10 kinaishusha nguvu hiyo hadi kama kilo 80, na kuipeleka kwenye bomba la fremu. Ndiyo maana si pambo.

1. Geuza baiskeli juu chini, au ining'inize. Ingiza gurudumu hadi ekseli ikae kabisa chini ya mdomo pande zote mbili.
2. Weka washa yenye ulimi, ulimi ukiingia ndani ya mdomo wa fremu.
3. Vaa chuma cha kuzuia juu ya ubapa wa ekseli. Tundu lake lazima libane. Likicheza hata nusu milimita, mota itakuwa inaligonga kila unapoondoka na kila unapoachia, na litazidi kupanuka. Ni bora tundu lichongwe dogo kisha ulipanue kwa tupa mwenyewe hadi liingie kwa kusukuma.
4. Elekeza chuma mbele, chini ya bomba la fremu linalokwenda kwenye krenki. Ncha yake husukumwa juu mota inapovuta, hivyo ikiwa chini ya bomba inaegemea fremu, na klipu inabaki na kazi ya kuishikilia tu. Funga kwa klipu mbili za hosi juu ya kipande cha mpira wa tyubu.
5. Fanya vivyo hivyo upande wa pili.
6. Kaza nati za ekseli kwa nyutoni-mita 40 hadi 50. Huna spana ya kupimia? Spana ya urefu wa sentimita 25, sukuma kwa nguvu ya kilo 16 hadi 20 mwishoni mwake.

Waya ya mota inatoka kwenye ncha ya ekseli. Iache itazame chini, kisha ipande juu baada ya kuacha kitanzi kidogo, ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kuingia kwenye mota. Nati isiiguse.

Usimruhusu fundi akuchomelee chuma kwenye fremu. Joto la kuchomelea hudhoofisha alumini, na chuma cha kuchomelea hakiwezi kushikana nayo.

Sasa zungusha gurudumu kwa mkono. Kalipa ikigusa kifuniko cha mota, weka washa nyembamba ya milimita 1 au 2 nyuma ya diski, kisha rekebisha kalipa upya. Gia ndogo ikigusa fremu, ongeza washa moja kwenye ekseli upande wa cheni, ndani ya fremu.

Dalili ya mafanikio: gurudumu liko katikati ya fremu, linazunguka bila kukwaruza, na ukishika chuma cha kuzuia ukajaribu kukitikisa, hakitoi sauti.

## Hatua ya 6: Kihisi cha pedeli, mikono ya breki na eksileta

Vuta krenki ya kushoto. Pete yenye sumaku inakaa kwenye mhimili wa pedeli, na kihisi kinaitazama kwa umbali wa milimita 1 hadi 3. Fuata mshale wa mwelekeo. Pete ikigeuzwa, mota itaitika ukipiga pedeli kinyumenyume, au haitaitika kabisa. Baiskeli za matairi mapana zina mhimili mrefu, mara nyingi kwa nyumba ya milimita 100, kwa hiyo nunua pete ya vipande viwili inayofungwa bila kubanwa na kipimo.

Badilisha mikono ya breki kwa ile yenye swichi. Wapo wanaoacha ya zamani kwa sababu inabana vizuri. Usifanye hivyo. Eksileta ikikwama, swichi ya breki ndiyo inayokata mota kabla hujafika kwenye basi la mbele yako.

Eksileta chagua ya kidole gumba. Ile ya kuzungusha kama ya bodaboda huvutwa bila kukusudia unapoisukuma baiskeli kwa mkono.

## Hatua ya 7: Betri na kontrola

Betri ikae kwenye bomba la chini la fremu, katikati na chini. Juu ya keria uzito unayumba, na kila shimo linapiga seli na spoku za nyuma. Kama fremu ina matundu mawili ya chupa, tumia hayo pamoja na mkanda wa ziada. Kama haina, tumia vishikio vya kufunga kuzunguka bomba. Usitoboe bomba.

Weka fyuzi ya ampea 30 kwenye waya mwekundu karibu kabisa na betri. Kontrola iweke mahali inapopata upepo, plagi zake zikitazama chini. Ukiifungia ndani ya mfuko wa plastiki kwa kuogopa mvua, joto litaiua.

Acha urefu wa ziada wa waya karibu na usukani. Geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Hakuna waya unaopaswa kuvutika.

## Hatua ya 8: Kuunganisha na kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya kuunganisha, pima betri kwa multimita. Ya seli 13 ikijaa husoma volti 54.6. Ikisoma chini ya 39, usiichaji. Irudishe kwa muuzaji.

Hakikisha kwa multimita kwamba nyekundu ni chanya kweli. Wapo wanaotengeneza plagi zenye rangi zilizogeuzwa, na kontrola ikipewa umeme kinyume inaungua papo hapo.

Plagi za seti zina mishale miwili inayotazamana na mstari unaoonyesha mwisho wa kuingia. Linganisha mishale, sukuma kwa vidole hadi ufike kwenye mstari. Usitumie plaisi. Pini zikipinda umepoteza waya mzima.

Unganisha betri mwisho. Gurudumu la nyuma likiwa hewani, washa skrini, gusa eksileta taratibu.

- Linazunguka mbele kwa utulivu: vizuri, endelea.
- Linatetemeka, linanguruma, halizunguki: mara nyingi plagi ya mota haijaingia hadi mwisho. Zima, chomoa betri, isukume tena. Ikiendelea, kagua waya nene tatu za mota na zile nyembamba za kihisi chake, rangi kwa rangi.
- Kimya kabisa: angalia kama mkono mmoja wa breki haurudi mwisho. Swichi yake itakuwa inaikata mota.

Kisha, gurudumu likizunguka, kamata breki ya kushoto, halafu ya kulia, moja moja. Kila moja lazima ikate mota mara moja. Usiende hatua inayofuata kama moja haikati.

## Hatua ya 9: Mipangilio ya skrini

Weka volti 48 na idadi ya sumaku iliyo kwenye pete, ambayo mara nyingi ni 12. Kwenye saizi ya gurudumu, tairi la 26 kwa 4 lina kipenyo halisi cha inchi 29 hivi, yaani mzunguko wa takriban mita 2.3. Ukiacha 26, skrini itasoma kasi ndogo kuliko unayokwenda.

Ukomo wa kasi uweke kilomita 25 kwa saa mwanzoni. Kama unaishi Uingereza au Umoja wa Ulaya, huo ndio ukomo wa sheria, na mota isizidi wati 250. Wati 750 huko huihesabu kama chombo cha moto chenye usajili na bima. Hapa nyumbani, waulize askari wa usalama barabarani wa eneo lako kabla hujaingia barabara kuu.

## Hatua ya 10: Majaribio

Nenda uwanja wa wazi asubuhi, kofia ngumu kichwani. Anza kwa pedeli bila eksileta, ngazi ya kwanza ya msaada. Simama ghafla mara kadhaa. Kisha endesha kilomita mbili tatu, shuka, shika mota kwa kiganja. Iwe ya uvuguvugu, mkono ukae bila kuutoa. Gusa plagi ya betri pia. Plagi ya moto ni plagi iliyolegea.

Kaza upya nati za ekseli baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya kilomita 50. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Mstari ukivunjika, nati imesogea, na utaiona kabla haijakuadhibu.

## Kuchaji

Chaja ya betri hii hutoa volti 54.6. Chaja ya betri za lithiamu-chuma-fosfati za volti 48 hutoa 58.4, na plagi zake zinaweza kufanana kabisa. Ukiichomeka kimakosa, unaijaza betri kupita kiasi. Andika jina kwa rangi kwenye chaja na betri.

Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda, godoro na mlango wa kutokea. Betri iliyotoka juani iache ipoe kwanza. Umeme ukikatika, chomoa chaja, maana unaporudi huja na mshtuko. Chaja ya ampea 3 itajaza 15 kwa saa tano hivi, na yote hiyo ni chini ya uniti moja ya umeme. Baiskeli ikikaa wiki kadhaa bila kutumika, iache betri nusu, isiwe tupu.

## Mchanga na maji ya chumvi

Kwa anayeishi pwani, hii ndiyo raha ya matairi mapana. Kwenye lami jaza upepo hadi paundi 20 hivi kwa inchi ya mraba, bila kuzidi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwenye mchanga ushushe hadi 6 au 8. Chagua saa ya maji kupwa, hasa siku za bamvua, ufuo unapokuwa mpana na mgumu. Kwenye mchanga laini wa juu saidia kwa pedeli muda wote. Mota ya habu inayosota polepole chini ya mzigo inaungua waya zake za ndani.

Usiiingize mota kwenye maji ya bahari, hata yakifika kwenye ekseli tu. Ukirudi nyumbani mwagia maji baridi kwa kopo, usitumie mpira wenye nguvu, kausha, paka mafuta cheni. Plagi zote zipakwe grisi ya silikoni ndani mara moja kila miezi michache. Chumvi ikishaingia kwenye pini, rangi ya kijani utakayoiona ndiyo sababu ya mota kukatakata.

Na kwenye mfuko wa safari weka daima spana ya nati za ekseli, tyubu, pampu na vibana waya. Pancha ya nyuma kwenye baiskeli hii haizibwi kwa kulegeza kishikio kama zamani: unachomoa plagi ya mota, unalegeza klipu za chuma cha kuzuia, ndipo unafungua nati. Fanya zoezi hilo mara moja nyumbani, mchana, kabla halijakukuta Kigamboni saa moja jioni.